Mfumo Usiohitaji Fundi

Mimi nina wivu, na sioni sababu ya kuuficha. Wenzangu wanaufunika kwa maneno ya kanisani, wangu unakaa kibarazani na kila anayepita anausalimia. Mume wangu Felisian anaujua tangu tukiwa chuoni, na alinioa nao.

Felisian ni fundi wa mifumo ya kompyuta. Tuna steshenari hapa Mukendo, Musoma mjini. Mimi nakaa mbele na mashine ya fotokopi, yeye anakaa nyuma na kompyuta zake, na simu ikilia anaondoka. Shule zinazotaka kutoa matokeo kwa kompyuta, zahanati zinazotaka kusajili wagonjwa, vikundi vya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, wote wanamwita yeye. Programu zenyewe ni za bure, ziko mtandaoni, mwalimu yeyote mwenye kidole anaweza kuzipakua. Tatizo linaanza ukizifungua, maana kitu cha kwanza zinachokuuliza ni database, yaani ghala la kutunzia taarifa: inaitwaje, mtumiaji wake nani, nenosiri lake lipi. Na hiyo database haipo. Unatakiwa uwe umeshaitengeneza mwenyewe, pembeni, kwenye seva, umeipa jina, umeiundia mtumiaji, umempa ruhusa, umemimina majedwali ndani yake, ndipo urudi ujibu maswali. Ni kama kudaiwa ufunguo wa nyumba ambayo hujaijenga. Hapo ndipo walimu wa Mara wanapokwama, na hapo ndipo mume wangu alipokuwa anapatia ugali wake.

Tena alikuwa na utaratibu wake. Database akishaitengeneza, nenosiri anaondoka nalo kichwani. Mwenye shule hapewi. "Ukiwapa wataharibu," alikuwa akisema. Kwa hiyo kompyuta ikibadilishwa, au mwalimu akitaka kuongeza mfumo wa maktaba, lazima Felisian aende. Sikuwa na neno na utaratibu huo mpaka Dorah alipoajiriwa.

Dorah ni mwalimu wa taaluma kwenye shule moja ya binafsi pale Kabasa, Bunda. Ni mjane, mwembamba, na ana sauti ya mtangazaji wa redio. Sauti hiyo nilianza kuisikia kwenye simu ya mume wangu wakati wa chai.

"Kaka Feli, habari za Musoma? Database imekataa tena."

Nikawa najiuliza. Butiama database zinakubali. Bukima, kijijini kwa baba yangu, zahanati ina kompyuta moja inayopigwa na upepo wa ziwa kutwa, na database imekubali mwaka mzima bila kelele. Bunda tu ndiko inakokataa, na ikikataa mume wangu ananyoa ndevu kwanza.

"Mwelekeze kwa simu," nilimwambia.

"Kwa simu haiwezekani, Mama Burito. Unaijua mwenyewe ile hatua ya ruhusa."

Naijua sana. Tulisoma chuo kimoja, diploma moja, na somo la database mimi ndiye niliyemfundisha, jioni hadi jioni, kwenye benchi nje ya hosteli yetu. Kisha akazaliwa Burito, akafuata dada yake Boke, mimi nikabaki na fotokopi na yeye akawa fundi. Sikulalamika. Lakini mtu asiniambie mimi kwamba hatua ya ruhusa haielekezwi kwa simu.

Majirani nao hawakunisaidia. Matrida, anayeuza dagaa mlango wa pili, alikuwa anachungulia dukani na kuuliza, "Shemeji yuko Bunda tena? Kwani huko Bunda wamegundua dhahabu?" Nacheka naye, akiondoka naharibu karatasi za mteja. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Basi safari iliyofuata nilifunga duka nikaenda naye. Nilisema napeleka mitihani tuliyowachapia, na kweli nilikuwa nayo mkononi. Felisian hakukataa. Hilo nalo lilinikera, maana mtu asiye na la kuficha angenung'unika kidogo kuhusu nauli.

Dorah alitupokea vizuri. Alipiga goti kidogo akanisalimia, akaniita wifi. Nilimkagua kuanzia viatu kwenda juu na sikupata kosa, jambo ambalo liliniudhi zaidi. Felisian aliketi kwenye kompyuta ya ofisi, akafungua ile skrini nyeusi na kuanza kuandika amri zake, Dorah amesimama nyuma ya kiti.

"Kaka Feli, hivi vitu vyote unavikumbukaga kichwani?"

Felisian akatabasamu. Lile tabasamu mara ya mwisho nililiona kabla Burito hajaota meno. Hapo niliumia kweli. Dorah alikuwa anashangaa kitu ambacho mimi sikuwa nimekishangaa miaka yote ya ndoa yetu, kwa sababu nilikijua kuliko anayekifanya. Nani atamshangaa mtu aliyemfundisha mwenyewe?

Mchana alitupeleka kula nyumbani kwake, nyuma ya shule. Ugali, na sato wa kuchemsha, mzima, amejaa sinia.

Sasa kwetu Bukima kichwa cha samaki ni cha mwenye nyumba. Mgeni hata awe askofu anapewa mgongo. Kichwa anawekewa baba, na baba akichelewa kinafunikwa mpaka arudi. Mama yangu hakuwa msengenyaji, ila akitaka kukueleza kwamba mwanamke fulani ana mambo na mwanamume asiye wake, anasema tu, "Amemwekea kichwa." Ukisikia hivyo umesikia yote, huulizi tena.

Dorah akamega yule samaki. Akakiinua kichwa na mchuzi wake, akakiweka mbele ya mume wangu, mimi nikiwa nimekaa palepale. Na Felisian, anayekula kwa baba yangu kila Krismasi na kuijua sheria yetu vizuri, akakipokea kwa mikono miwili na kuanza kufyonza jicho.

Nilikula ugali mkavu. Nilitamani kummwagia mtu mchuzi, ila sikuwa nimeamua nianze na nani.

Tulipofika nyumbani akaniuliza, "Sasa umeona kwamba ni kazi tu?"

"Nimeona," nilimjibu, nikaenda kulala upande wa watoto.

Mwanamke mwingine angerudi Bunda kumtukana Dorah, au angekwenda kwa mchungaji, au kwa mganga. Mimi niliangalia kinachompeleka mume wangu kule. Kinachompeleka ni database. Database ikijitengeneza yenyewe, hana safari. Nilishangaa ilivyokuwa rahisi kuliona, na nikaanza kesho yake.

Niliandika dukani, katikati ya wateja. Mtu anataka fotokopi ya cheti cha kuzaliwa, nampa, narudi kwenye kompyuta. Nilitaka kitu ambacho mwalimu anakibofya mara moja, kinamuuliza maneno mawili tu: shule yako inaitwaje, na wewe mwenyewe unataka nenosiri gani la kuingilia. Mengine yote kijifanyie. Kiitafute seva, kiunde database, kiipe jina, kimtengenezee mtumiaji na nenosiri refu lisilohitaji kukumbukwa na binadamu, kimpe ruhusa, kiandike yote kwenye faili la mipangilio, kimimine majedwali. Kikikuta database nyingine yenye jina hilohilo, kisiiguse, kitafute jina jingine. Kikimaliza kiseme, "Tayari, karibu."

Wivu ndio ulionianzisha, siwezi kusema uongo. Ila kuna saa niliusahau. Kuna saa programu ilikuwa inakataa, nikagundua kosa, nikalirekebisha, ikapita, na nikajikuta nacheka peke yangu mbele ya mteja aliyekuja kununua bahasha. Nilikuwa nimesahau kwamba kitu hiki kina utamu namna hii. Halafu namkumbuka Dorah na kile kichwa, naendelea kwa kasi.

Nilipata pa kujaribia Butiama. Mwalimu Mugeta, mkuu wa shule moja ndogo huko, mzee anayeandika kwa kidole kimoja, alikuwa amenunua kompyuta mpya na anamsubiri Felisian. Felisian wiki hiyo aliitwa kwenye zahanati ya Bukima. Nikamwambia nitakwenda mimi Butiama, asihangaike. Alinitazama, akasema sawa.

Nilimkalisha Mwalimu Mugeta mwenyewe kwenye kiti. "Leo fundi ni wewe," nikamwambia. Akabofya, akaandika jina la shule, na ikagoma papo hapo. Jina la shule yake lina ng'ombe ndani yake, na ile alama ya juu baada ya ng niliisahau kabisa. Seva ikaiona ikadhani sentensi imeishia pale. Watu wa Mara tuna ng' kila kona, na mimi mwenyewe nimeandika programu nikaisahau. Nikaomba kiti, nikarekebisha, nikamrudishia.

Akabofya tena. Tukasubiri. Kisha yakatokea yale maneno, "Tayari, karibu," na orodha ya madarasa ikafunguka, tupu, safi, inasubiri wanafunzi.

"Imekubali!" akapiga kofi mezani. "Mama Burito, imekubali! Yaani ni mimi nimeweka? Huyu mumeo alikuwaga anatutoa jasho la bure!"

Nilifurahi. Na nilisikia vibaya kidogo kwa lile neno la mwisho, ila furaha ilikuwa kubwa zaidi.

Tukaenda kula kwake. Mkewe, Mama Jenoveva, alikuwa ametoka sokoni kwa haraka kwa ajili yangu, akaniambia, "Tulisikia wewe mtu wa ziwani. Nikasema leo tusimpe nyama, tumtafutie samaki." Akaweka sinia. Akamega. Akachukua kichwa, akakiweka mbele yangu.

Nilikitazama. Nikamtazama mwenye nyumba, Mwalimu Mugeta, aliyekuwa anajimegea mkia bila wasiwasi.

"Mama," nikasema, "kichwa mnanipa mimi?"

"Kwani kina nini?" Mama Jenoveva akashtuka. "Kimeharibika?"

"Hakijaharibika. Kwetu kichwa anakula baba mwenye nyumba."

Wakacheka wote wawili. "Mwanangu, sisi watu wa ng'ombe," akasema Mama Jenoveva. "Ukichinja mbuzi hapa, kila nyama ina mwenyewe, ukikosea wanakusema mpaka kaburini. Samaki hatunaga sheria zake, tumeanza kula juzi. Mgeni tunampaga kichwa maana ndo kinajaza sahani."

Nikauliza kana kwamba naendeleza mazungumzo tu, "Mnamfahamu Mwalimu Dorah, wa Kabasa, Bunda?"

"Dorah?" akasema Mwalimu Mugeta. "Nilimfundisha mimi darasa la tatu. Kwao ni hapo juu, ukipita ule mlima. Wana ng'ombe wengi sana wale. Kwani vipi?"

"Ni mteja wetu," nikasema.

Nilikula kile kichwa chote. Nilifyonza mpaka mifupa, machozi yakanitoka, nikasingizia pilipili, na Mama Jenoveva akasema hakuweka pilipili. Wiki zote zile nilikuwa nimelala upande wa watoto kwa sababu ya mwanamke ambaye hajui sheria za samaki. Na Felisian? Labda alikipokea kwa sababu ya adabu. Angerudishaje? Nilijiona mjinga, na nilijiona mwepesi, kama mtu aliyetua ndoo.

Pale ndipo ningeweza kuacha. Programu ilikuwa imetengenezwa, imejaribiwa, ningeiweka kwenye droo, nimrudie mume wangu, yaishe. Nilifikiri hivyo mpaka njia panda ya Makutano. Lakini wivu ukishaupa kazi hauombi likizo. Kichwa cha samaki nilikisamehe. Lile tabasamu la ofisini sikulisamehe. Na tena, nisiseme uongo, Mwalimu Mugeta alinisindikiza mpaka barabarani akiniita fundi, na neno lile lilikuwa bado linalia masikioni kwangu. Nikatoa simu, nikamtumia Dorah programu yote, na maelezo mafupi ya namna ya kubofya.

Kesho yake akanitumia sauti. "Wifi, Mungu akubariki! Nimeweka mwenyewe, mfumo wa ada na wa maktaba, yote imekubali. Kaka Feli sitamsumbuaga tena, maskini, alikuwa anachoka na hii barabara."

Niliisikiliza mara nyingi kuliko inavyostahili. Nilitafuta huzuni ndani ya ile sauti na sikuiona.

Mwalimu Mugeta alimpa rafiki yake, rafiki yake akampa mwingine. Walimu wanapeana vitu kama hivi kwa kasi kuliko mishahara inavyotoka. Haikupita muda simu ya Felisian ikawa inapigwa na mama yake tu. Bunda kimya. Butiama kimya. Alikaa nyuma ya duka, akasafisha kibodi kwa mswaki, akapanga nyaya, akazipangua. Mimi nilikuwa namwona kila saa, kutwa nzima, kama nilivyotaka. Nilirudi chumbani kwetu. Nilimpikia sato, nikamwekea kichwa, akakila bila kuinua macho.

Siku moja aliingia bwana mmoja wa kikundi cha maziwa, akasimama mbele ya meza ya Felisian.

"Namtafuta fundi wa mifumo."

"Ni mimi," akasema Felisian, akainuka.

"Hapana," yule bwana akasema, bila ubaya wowote. "Nimeambiwa ni mama."

Nilitoka mbele nikamhudumia. Felisian alirudi kukaa. Yule bwana alipoondoka nilimwambia mume wangu, kwa sauti laini kabisa niliyokuwa nayo, kwamba hii kazi ni yetu wote, tunaweza kuandika mifumo mingine, kichwa chake na changu.

"Uliitengeneza kwa nini?" akaniuliza.

"Ili kurahisisha kazi."

"Yuliana." Huwa haniiti jina langu. "Mimi nimekuuliza."

Nikasema ukweli. "Ili usiende Bunda."

Akaweka chini mswaki wa kusafishia kibodi, akasema, "Kule nilikuwa naenda kuweka database. Narudi. Hakukuwa na kingine. Ila nilikuwaga nasikia vizuri kuwa fundi wa mtu. Hapa ndani siwezi kuwa fundi, maana mwalimu wangu amekaa mbele na mashine ya fotokopi."

Nilitaka kumjibu vizuri. Nikamjibu, "Kwa hiyo ulikuwa unamfuata akusifie." Mdomo wangu hauna breki. Akachukua mswaki wake akarudi kwenye kibodi.

Tuliishi hivyo, tukisalimiana, tukila, tukisali Jumapili kwenye benchi moja. Nilijiambia kwamba atazoea. Mwanamume yuko nyumbani, simu imenyamaza, mke mwenye wivu anataka nini tena?

Jumamosi moja, nikiwa natoa fotokopi za ratiba ya mazishi, alitoka nyuma amevaa shati lake la bluu. Alikuwa amepiga pasi mwenyewe. Begi la kazi hakulibeba, wala kompyuta, wala waya. Mikono yake ilikuwa mitupu.

"Unaenda wapi?" nikamuuliza.

"Bunda."

"Kwa nani?"

"Kwa Dorah."

Mashine iliendelea kutoa karatasi. "Kuna kilichoharibika?"

"Hakuna." Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayetaja saa. "Kila kitu kinafanya kazi. Amenipigia tu, ameuliza kwa nini siku hizi sionekani."

Siku zote mimi nilikuwa namuuliza kwa nini anaenda.

"Utarudi?" nikasema.

"Sijui, Mama Burito," akanijibu, na niliona kwamba kweli hajui. Akashuka kibarazani, akamsalimia Matrida, akaelekea stendi bila kuharakisha.

Nilisimama na zile ratiba za mazishi, bado zina joto la mashine. Kama angekuwa anaitiwa kazi, ningeimaliza kabla hajafika Bunda. Kazi naijua, naweza kuifanya mtu akabofya mara moja ikaisha. Hii nyingine sijui hata inaanzia wapi.